Silsila ya Mafundi wa Jukwaa: Ming Cho Lee na Darasa Lake

Miongoni mwa kazi za sanaa ambazo binadamu hutoa jasho kuzikamilisha, ni nadra kupatikana iliyo na umri mfupi kuliko kazi ya msanifu wa jukwaa la tamthilia, kwa kuwa kuta azisimamishazo, ngazi aziungazo na mbingu azichorazo hubomolewa punde baada ya mchezo kutolewa kwa mara ya mwisho, mbao zikarejeshwa ghalani na turubai zikapakwa rangi ya mchezo mwingine. Mshairi huacha diwani, mwashi huacha nyumba, na hata mwimbaji huacha sauti yake katika santuri. Walakini msanifu wa jukwaa huacha picha chache, kielelezo kidogo cha kadi ikiwa hakikutupwa, na kumbukumbu katika vichwa vya watazamaji, nazo kumbukumbu huondoka pamoja na wenyewe. Kwa sababu hiyo tarikhi ya kazi hii haiandikiki kwa kuhesabu yaliyosalia. Huandikwa kwa kufuata silsila ya watu: nani alishika kalamu na gundi mbele ya fundi gani, na fundi huyo naye alifunzwa na nani. Kwa upande wa Marekani, sehemu kubwa ya silsila hiyo katika nusu ya pili ya karne ya 20 hupitia kwa mtu mmoja, Ming Cho Lee, mzaliwa wa Shanghai, aliyesanifu majukwaa kwa zaidi ya miaka 40 na kufundisha usanifu huo katika Chuo Kikuu cha Yale kuanzia mwaka 1969 hadi 2017.

Yafaa turudi nyuma kidogo kabla ya kumfikia. Katika karne ya 19 ukumbi wa tamthilia katika mji mdogo wa Marekani ulinunua mandhari yake kama bidhaa iliyokwisha kutengenezwa, kutoka kwa makampuni kama Sosman & Landis ya Chicago: turubai ya msitu, turubai ya kasri, turubai ya gereza na turubai ya sebule ya watu wenye nafasi. Msitu ule mmoja ulitumika kwa wapenzi wa Shakespeare na kwa majambazi wa mchezo wa wiki iliyofuata. Wachoraji wa turubai hizo walikuwa mafundi wa kweli, waliorithi kutoka kwa Waitalia wa karne ya 16 elimu ya kulidanganya jicho lione umbali mahali palipo bapa, ila hakuna aliyewauliza mchezo wenyewe ulikuwa unasema nini. Swali hilo lilitoka Ulaya, kwa Adolphe Appia wa Uswisi na Edward Gordon Craig wa Uingereza, ambao kwa maandishi na michoro zaidi kuliko kwa majukwaa yaliyojengwa, waliwafahamisha watu kwamba jukwaa ni mahali penye kina, nuru na mwendo, wala si ukuta wa kutundikia picha. Mwaka 1915 Robert Edmond Jones alisimamisha New York, kwa ajili ya mchezo mfupi uitwao The Man Who Married a Dumb Wife, uso wa nyumba wa rangi nyeusi, nyeupe na kijivu, mnyofu usio na mapambo ya ziada, na wanatarikhi wa Marekani aghalabu huhesabu usanifu mpya wa nchi yao kuanzia hapo.

Jones alikuwa mwalimu bila ya kuwa na darasa, kwani vijana walikuja kumsaidia kazi wakaondoka na maarifa. Mmoja wao alikuwa Jo Mielziner, aliyezaliwa Paris mwaka 1901, ambaye baadaye alifikia daraja ambayo wachache wameifikia. Katika A Streetcar Named Desire ya mwaka 1947 na Death of a Salesman ya mwaka 1949 alijenga kuta za shashi iliyochorwa, ambazo zikiangazwa kwa mbele huonekana kama kuta thabiti, na zikiangazwa kwa nyuma huyeyuka, ukaona chumba kilicho nyuma yake, au mtaa, au miaka iliyopita ya maisha ya yule mzee mchuuzi wa Death of a Salesman. Kwa njia hiyo mwandishi wa tamthilia alipata uhuru wa kuruka kutoka leo hadi jana pasipo kuteremsha pazia. Karakana ya Mielziner ilikuwa katika jengo la Dakota, pembeni mwa bustani kubwa ya Manhattan, na kazi ilifunzwa mle kama vile kijana wa pwani anavyojifunza uundaji wa jahazi kwa babaye: kwa kutumwa, kwa kutazama, kwa kurudia mstari mmoja mpaka mkono uzoee, na kwa kunyamaza mkubwa anaposema.

Mwanagenzi aliyeingia karakana hiyo mwaka 1954 alikuwa kijana wa miaka 24. Ming Cho Lee alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1930. Baba yake, mfanyabiashara, alikuwa amesoma Yale, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote kwa mtoto wakati ule lakini lilikuja kuwa na maana baadaye. Wazazi walitengana angali mdogo, na katika nyakati alizokaa na mama yake, mama huyo alimchukua kwenda kutazama opera, tamthilia na sinema, kwa kuwa Shanghai ya miaka ya 1930 na 1940, pamoja na vita na dhiki zake zote, ilikuwa bandari iliyokusanya sanaa za Mashariki na Magharibi katika barabara moja. Kijana alijifunza pia uchoraji wa mandhari wa Kichina, kwa wino na rangi za maji, ambamo mlima hauchorwi wote, na sehemu ya karatasi iliyoachwa tupu ina kazi sawa na sehemu iliyopakwa wino. Familia ilipohamia Hong Kong wakati serikali mpya ikishika China, yeye alivuka bahari mwaka 1949 kwenda Chuo cha Occidental, Los Angeles. Kiingereza chake kilikuwa bado kigumu, akakimbilia masomo ya kuchora, ambamo mkono wake ulisema alichoshindwa kukisema ulimi. Na kutoka katika kuchora akavutwa kwenye tamthilia.

Kwa Mielziner alijifunza nidhamu: ramani ya jukwaa isiyokosea hata inchi, hesabu ya uzito, adabu ya kuongea na maseremala, na utiifu kwa tarehe ya ufunguzi, ambayo haimngojei mtu. Alifanya kazi pia kwa Boris Aronson na Rouben Ter-Arutunian. Mwaka 1958 alimwoa Elizabeth Rapport, ajulikanaye kwa wote kama Betsy, na nyumba yao ya Manhattan ikawa kwa miaka mingi makao ya familia na karakana kwa pamoja, watoto watatu wa kiume wakikua katikati ya visu, kadi na gundi za wasaidizi waliokuwa wakikata vielelezo. Kila aliyeandika kwa insafu juu ya kazi ya Lee amemtaja Betsy, na ni haki yake kutajwa.

Lakini dunia iliyomlea Mielziner ilikuwa ikisinyaa mbele ya macho ya mwanagenzi wake. Katika miaka ya 1920 kumbi za Broadway zilitoa michezo mipya zaidi ya 200 kwa msimu mmoja. Kufikia miaka ya 1950 idadi hiyo ilikuwa imeshuka ikawa chini ya nusu, kwa sababu ya sinema, ya gharama, na ya televisheni iliyoingia majumbani. Karakana hulisha wanagenzi kwa wingi wa kazi, na kazi zikipungua fundi hubaki na msaidizi mmoja au wawili, na silsila hukatika. Wakati huo huo tamthilia ilikuwa ikichipuka kwingine, mahali pasipotafuta faida: Arena Stage ilianzishwa Washington mwaka 1950, ukumbi wa Guthrie ulifunguliwa Minneapolis mwaka 1963, na mwaka 1965 serikali ya Marekani iliunda mfuko wake wa taifa wa sanaa. Kumbi hizo zilihitaji wasanifu kwa makumi, nazo zilikuwa mbali na New York. Nani atawafunza? Jawabu la swali hilo ndilo lililobadilisha maisha ya Lee, ingawa halikumdhihirikia mapema.

Mwaka 1962 Joseph Papp, mtu mwenye ukaidi wa aina yake aliyeshikilia kwamba Shakespeare aonyeshwe bure kwa watu wote, alifungua ukumbi wa Delacorte ndani ya Central Park, wenye viti vipatavyo 1,800 chini ya mbingu tupu, na Lee akawa msanifu wake mkuu, akidumu katika shirika la Papp hadi mwaka 1973. Msomaji na apime ugumu wa mahali hapo. Jukwaa la wazi halina dari ya kupandishia na kuteremshia mapazia. Upepo huipiga turubai ikapepea na hadaa yote ikaharibika. Mchezo huanza kabla giza halijaingia sawasawa, basi ile shashi ya Mielziner, inayotegemea giza na taa, haina nguvu. Na nyuma ya waigizaji pana ziwa na miti ya kweli, ambayo mbele yake mti wa kuchorwa ni aibu. Elimu yote ambayo Lee aliichukua kutoka karakana ya mwalimu wake ilipaswa kufikiriwa upya kutoka msingini, na aliifikiri.

Tunda la fikra hizo lilionekana dhahiri mwaka 1964, katika Electra ya Sophocles, ambayo Gerald Freedman aliiongoza na Lee Grant akaigiza kama Electra. Lee alisimamisha kiunzi cha mabomba ya chuma, bila ya kukificha, na ndani yake akatundika kuta tatu zilizokwaruzwa na kuparuzwa zikafanana na mawe ya kale yaliyokula karne nyingi za jua na mvua. Kuta hizo hazikuwa kasri la Agamemnon wala hazikudai kuwa kasri. Zilining'inia hewani, nzito kwa sura na nyepesi kwa hakika, na mwigizaji aliyesimama mbele yake alionekana mdogo na peke yake, kama binadamu anavyokuwa mbele ya hukumu iliyokwisha kupitishwa kabla hajazaliwa. Humo yamo aliyoyaona katika kazi ambazo Isamu Noguchi, mchongaji aliyeweka jukwaani umbo badala ya picha, alimfanyia mchezaji dansi Martha Graham; imo athari ya tamthilia ya Brecht, isiyomficha mtazamaji mabomba na taa; na kwa rai yangu imo pia ile karatasi tupu ya mwalimu wake wa Shanghai, kwa kuwa kilichofanya kazi kubwa jukwaani pale kilikuwa nafasi iliyo baina ya kuta na kuta.

Katika miaka michache mabomba na kuta zilizokwaruzwa zilienea katika kumbi za Marekani, hata pasipostahili. Naye aliendelea: mwaka 1966 alisanifu Don Rodrigo, opera ya Ginastera ambayo New York City Opera ilifungulia makao yake mapya huko Lincoln Center, Plácido Domingo akiimba, mwaka 1967 akasanifu Hair ilipoonekana kwa mara ya kwanza katika ukumbi mpya wa Papp, mwaka 1974 akaipa Metropolitan Opera jukwaa la Boris Godunov, na mwaka 1993, kwa ajili ya kundi la dansi la Cloud Gate la Taiwan, akaweka kidimbwi cha mayungiyungi mbele ya jukwaa la Nine Songs.

Broadway peke yake haikumkubali. The Moon Besieged ya mwaka 1962, kazi yake ya kwanza huko, ilionyeshwa usiku mmoja ikafungwa. Here's Where I Belong ya mwaka 1968, usiku mmoja. Billy ya mwaka 1969, usiku mmoja. Baadhi ya michezo yake iliyodumu hapo, kama Two Gentlemen of Verona ya mwaka 1971, ilikuwa imezaliwa kwa Papp na kupelekwa Broadway ikiwa imekwisha kukomaa. Wako watu ambao wangeliita jambo hilo kushindwa, na katika mji ambapo msanifu hulipwa kadiri mchezo unavyodumu, kushindwa huko kulikuwa na uchungu wa mfukoni pia. Mimi naliona kwa namna nyingine. Fundi ambaye kila mwaka ana michezo mitatu inayoendelea Broadway hana Jumamosi ya kumpa mwanafunzi. Soko lilipomnyima Lee wingi wa kazi, lilimwachia Yale, na faida ya kufungwa kwa michezo ile imewaendea watu wengine.

Hata hivyo Broadway ilikuja kumheshimu, na kwa kazi ambayo wafuasi wa mabomba hawakuitarajia. K2, tamthilia ya Patrick Meyers, huwaonyesha wapandaji mlima wawili waliokwama katika ukingo wa barafu kwenye mlima wa pili kwa urefu duniani, zaidi ya mita 8,000 juu ya bahari, mmoja wao akiwa amevunjika mguu. Lee aliijenga barafu yenyewe, kwanza Arena Stage mwaka 1982, kisha Broadway mwaka 1983: ukuta mrefu wa povu gumu la plastiki juu ya kiunzi cha mbao, uliochongwa kwa mkono mpaka ukang'aa na kupasuka kama barafu, ukapanda juu kuliko jicho la mtazamaji na kuzama chini ya jukwaa, usionekane mwanzo wala mwisho. Mwigizaji aliupanda kwa kamba na misumari ya kweli, na theluji ikamporomokea. Mtu aliyewafunza Wamarekani kuacha kuiga maumbile aliyaiga maumbile kwa ukamilifu kabisa, kwa sababu tamthilia hii haina mahali pa kusimama ila penye hofu ya kuanguka. Alipewa tuzo ya Tony ya mwaka 1983. Kanuni yake haikuwa mabomba wala mawe. Kanuni yake ilikuwa kwamba mchezo ndio uamuao, na hiyo ndiyo kanuni aliyoifundisha.

Yale ilikuwa na desturi yake kabla ya yeye kufika. Chuo cha Carnegie cha Pittsburgh kilikwisha kuanza kutoa shahada ya tamthilia mwaka 1914, lakini Yale ilipata nguvu mwaka 1925, pale George Pierce Baker alipohama Harvard, iliyokataa kumpa ukumbi, akapokewa New Haven kwa hiba ya dola milioni moja kutoka kwa tajiri Edward Harkness. Baker alimleta Donald Oenslager, kijana aliyekuwa amemsaidia Jones, afundishe usanifu wa jukwaa, na Oenslager alifundisha kwa zaidi ya miaka 40. Msomaji ataona jinsi matawi yalivyokutana: Jones alimfunza Mielziner, Mielziner akamfunza Lee, Jones akamfunza Oenslager, na Lee akashika nafasi karibu na Oenslager mwaka 1969, hata mwisho akakalia kiti cha uprofesa kilichoitwa kwa jina la mzee huyo.

Darasa lake lilikaa Jumamosi. Hawakuja wanafunzi wa mandhari pekee. Wa maleba na wa taa nao walipaswa kusanifu jukwaa zima na kuleta kielelezo, kwa kuwa Lee hakuamini kwamba mtu aweza kulivika vazi umbo la mwigizaji ilhali hajui anasimama wapi. Kielelezo kilijengwa aghalabu kwa kipimo cha nusu inchi kwa kila futi, na ndani yake sharti awekwe mtu wa kadi wa kimo sawasawa, maana bila ya mtu huyo ukuta ni mapambo tu. Kisha yakaja maswali, na maswali hayakuanza na rangi. Mfalme huyu anaishije? Nani anaweza kuingia chumbani mwake bila ya kubisha? Kwa nini mama huyu haketi? Mwanafunzi aliyeleta picha nzuri asiweze kujibu alielezwa waziwazi, mbele ya wenzake wote, kwamba hajausoma mchezo, na mara nyingi mwalimu alichukua kalamu akachora palepale, kwa mistari michache, uwezekano mwingine. Alitaka wasome magazeti, wajue siasa za dunia, waende kwenye majumba ya sanaa na kusikiliza muziki, kwani aliwaona wasanifu kuwa watu wa zama zao, wenye dhima kwa zama hizo. Ukali wake ulisimuliwa na wanafunzi kwa miaka mingi, na wasimulizi wenyewe ndio waliorudi kumsalimu.

Orodha yao ni ndefu. Santo Loquasto, John Lee Beatty, Michael Yeargan, Heidi Ettinger, Adrianne Lobel: kila mmoja amejenga majukwaa ya Broadway, ya opera au ya dansi, na mtu akiziweka picha zao pamoja hataona mkono mmoja. Beatty amejulikana kwa nyumba za kweli zenye veranda na miti. Yeargan kwa nafasi pana za opera zenye vitu vichache. Hii ndiyo hoja kubwa dhidi ya wale walionung'unika kwamba mwalimu mmoja ameshika milango ya kazi katika nchi nzima. Malalamiko hayo yana chembe ya ukweli, kwa kuwa kijana aliyetoka Yale alipata kusikilizwa kuliko aliyetoka chuo kisicho na jina. Lee aliliona jambo hilo, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa karibu miaka ishirini, yeye na Betsy walikusanya kila mwaka katika Lincoln Center wahitimu wa usanifu kutoka vyuo vingi vya Marekani, wakatandika kazi zao mezani, na waongozaji na wasanifu wakubwa wakapita meza kwa meza wakiwauliza na kuwapa anwani zao. Mkusanyiko huo uliitwa Clambake, jina la karamu ya chaza ya ufukweni. Ndani ya ukumbi ule kijana wa chuo cha mbali aliongea na watu ambao vinginevyo asingelipata hata kuwaandikia barua, na Lee alizipitia kazi za wageni kwa makini yale yale aliyowapa wa kwake.

Nishani ya Taifa ya Sanaa ya Marekani alipewa kwa mwaka 2002, na mwaka 2013 akapewa Tony ya pili, ya heshima kwa kazi ya maisha. Alistaafu Yale mwaka 2017, akafariki Manhattan tarehe 23 Oktoba 2020, akiwa na umri wa miaka 90. Kuta za Electra hazipo, barafu ya K2 haipo. Basi msomaji atakapoketi katika ukumbi wowote, uwe wa New York au wa mjini kwake, pazia likifunguliwa akaona mahali palipofikiriwa sawasawa, na alitafute katika karatasi ya mchezo jina la aliyesanifu jukwaa, kisha aulize alifunzwa na nani.